Mto Unapopiga Hodi: Nyumba, Mafuriko na Bima Katika Kaunti ya Tana River

Kuna nambari moja ambayo kila mwenye nyumba kando ya Mto Tana angefaa kuiandika kwa makaa nyuma ya mlango wake: 1,056.5. Hicho ndicho kimo, kwa mita kutoka usawa wa bahari, ambacho bwawa la Masinga likikifikia huhesabiwa kuwa limejaa. Maji yakipita hapo hayangoji ruhusa ya mtu. Humwagika na kuanza safari ya mamia ya kilomita, yakapita mabwawa ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yakateremka hadi Garissa, kisha Hola, kisha Garsen, na mwishowe Kipini, mahali mto unapoingia Bahari ya Hindi.

Ajabu ya mafuriko ya huku chini ni kwamba mara nyingi huja bila mvua. Mkulima wa Garsen anaweza kuwa ameanika mpunga juani, mbingu nyeupe hazina hata kipande cha wingu, ilhali maji yatakayomtoa nyumbani yalikwisha kunyesha siku nyingi nyuma, kwenye milima ya Aberdare na miteremko ya Mlima Kenya. Kaunti ya Tana River yenyewe ni nchi kavu. Wafugaji wake hulia ukame mwaka baada ya mwaka. Lakini katikati ya ukavu huo unapita mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, wa kiasi cha kilomita 1,000, na mto huo hubeba hali ya hewa ya watu wengine.

Ndiyo maana KenGen, kampuni inayoendesha mabwawa hayo ya umeme, hutoa ilani kila Masinga inapokaribia kujaa: wakazi wa maeneo ya chini wahamie nyanda za juu. Ilani hiyo husomwa redioni, hutumwa kwenye makundi ya WhatsApp, hutangazwa na machifu. Familia hukusanya magodoro, vyeti vya shule na kuku, zikaondoka. Kitu kimoja hakihamishiki, nacho ni nyumba. Swali la nani atakayeilipia nyumba hiyo ikibomoka ni swali ambalo watu wachache sana wa kaunti hii wamewahi kuulizwa na mtu yeyote.

Mgeni anayejulikana

Wapokomo, wakulima wa kingo za Tana, hawakuwahi kuuona mto huu kama adui. Kabla ya mabwawa, maji yalipanda kwa kawaida mara mbili kwa mwaka, baada ya mvua za masika na baada ya zile za vuli. Yaliacha tope jeusi lenye rutuba, na juu ya tope hilo watu walipanda mpunga, mahindi na migomba. Miembe ilistawi kandokando. Waorma na Wardei walileta ng'ombe kwenye majani ya delta wakati bara limekauka. Samaki waliachwa kwenye madimbwi. Mgeni njoo, mwenyeji apone: methali hiyo ingeweza kutungwa na mtu aliyekaa ukingoni mwa Tana akingoja maji.

Vijiji navyo vilijengwa kwa kujua tabia za mgeni huyo. Nyumba za miti na udongo zilikuwa rahisi kuziacha na rahisi kuzijenga upya. Mto ulipokata njia mpya, kijiji kilihama nao. Hata mdomo wa mto haukukaa mahali pamoja: Tana ilikuwa ikiingia baharini kusini zaidi, na katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuuunganisha na mto mdogo wa Ozi. Mto mkubwa uliufuata mfereji huo, ukautanua, na mpaka leo maji mengi hutokea Kipini.

Kisha vikaja vitu viwili. Cha kwanza ni mabwawa. Kindaruma lilikamilika mwaka 1968, likafuatiwa na Kamburu, Gitaru, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Masinga, lililo kubwa kuliko yote, lilikuwa kama mtungi wa kukinga mafuriko madogo. Yale maji ya kila mwaka yakapungua, na watu wakaanza kuisahau mipaka ya zamani. Cha pili ni mawe na saruji. Mwalimu, mfanyabiashara au mstaafu aliyejenga nyumba ya matofali na mabati hakuweza tena kuifungasha na kuondoka nayo. Mali ya familia, ambayo zamani ilikuwa na miguu minne au ilipandwa ardhini, sasa imesimama kwenye msingi wa zege.

Lakini mtungi ukijaa, haukingi tena. Mabwawa haya yalijengwa hasa kwa ajili ya umeme, na bwawa la umeme hupenda kukaa limejaa. Mvua kubwa zikiyakuta hivyo, maji hupita kama vile hayakukuta ukuta.

Orodha ya miaka ni ndefu na wazee wanaijua kwa moyo. 1961, mafuriko yaliyokuja Kenya ikiukaribia Uhuru na kubaki na jina la Uhuru. 1997 na 1998, El Niño, neno ambalo tangu hapo limeingia vijijini na kuwa jina la kila gharika. 2018. Mwisho wa 2019, wakati maji ya upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi yalipopata joto kuliko yale ya upande wa mashariki kwa kiwango kisicho cha kawaida, na mvua za vuli zikakataa kukatika. 2020 tena. Oktoba hadi Desemba 2023. Halafu, kabla tope halijakauka, Machi hadi Mei 2024.

Mwaka huo wa mwisho haukuhitaji mtu wa kuuelezea. Aprili 9, 2024, basi lenye abiria 51 lilisombwa na maji barabarani katika Kaunti ya Tana River. Abiria wote waliokolewa. Aprili 28, mashua iliyokuwa ikivusha watu kwenye maji yaliyofunika njia kati ya Madogo na Garissa ilizama. Zaidi ya watu 20 waliokolewa, wengine wakapoteza maisha. Nchi nzima, msimu huo uliua watu karibu 300, wakiwemo makumi waliokumbwa usingizini Mai Mahiu. Mapema Mei serikali iliwapa saa 24 watu waliokaa karibu na mito na mabwawa 178 yaliyotajwa kuwa hatari waondoke.

Hesabu ya dadu

Wahandisi wa maji wana msemo unaopotosha watu wengi: mafuriko ya miaka 100. Mwenye nyumba akisikia hivyo hufanya hesabu ya haraka. Babu aliyaona, basi mimi nimesalimika, na mwanangu pia, yatamkuta mjukuu. Hesabu hiyo si sahihi. Maana ya msemo ni kwamba, kila mwaka, uwezekano wa maji kufika kiwango hicho ni 1 kwa 100. Mwaka unaofuata dadu hutupwa upya, na dadu haikumbuki ilianguka vipi jana.

Dadu hiyo ikitupwa mara 30, muda wa nyumba kujengwa na watoto kukua ndani yake, uwezekano wa mafuriko hayo kutokea angalau mara moja hufika asilimia 26. Ni zaidi ya mmoja kwa wanne. Na hiyo ni kwa mahali palipo salama kiasi. Kwa kiwanja ambacho maji hukifikia kwa wastani mara moja kila miaka 10, uwezekano wa kufikiwa ndani ya miaka 10 ijayo ni asilimia 65. Kwa kiwanja cha kila miaka 5, ambacho kingo za Tana zimejaa mifano yake, mtu anayejenga hapo hajiulizi tena kama maji yatakuja. Anajiuliza lini.

Si kila boma la kijiji kimoja lina hatari sawa. Tofauti ya mita moja ya mwinuko inaweza kuwa tofauti kati ya tope kwenye kizingiti na maji dirishani. Mahali palipokuwa mkondo wa zamani wa mto, hata kama leo pamefunikwa na nyasi, maji hupakumbuka. Upande wa nje wa kona ya mto huliwa kila msimu, na ule wa ndani hujengwa kwa mchanga. Kuna pia laga, yale makorongo makavu yanayoteremka kutoka bara: hukaa bila tone miezi kumi, kisha hujaa kwa saa moja. Basi la Aprili 2024 lilikumbushia hatari ya barabara za aina hiyo. Tuta la barabara mpya nalo linaweza kuzuia maji upande mmoja na kuyaelekeza kwenye nyumba ambazo hazikuwahi kulowa.

Kanuni za maji za Kenya za mwaka 2007 zilitaja ukanda wa kando ya mto usiofaa kujengwa: usiopungua mita 6, na unaoweza kufika mita 30 kila upande kulingana na upana wa mto. Kwenye Tana ya chini, mita 30 ni hatua ya kwanza tu ya maji. Delta yake, ambayo mwaka 2012 iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, ni bonde tambarare ambamo maji husambaa kwa kilomita nyingi yakitafuta pa kushukia. Anayeheshimu sheria na kujenga mita 40 kutoka ukingoni bado amejenga ndani ya mto, ila ni mto wa mwezi Mei.

Karatasi ya bima inasema nini

Kenya ina soko la bima kongwe kwa viwango vya Afrika Mashariki, na bado malipo yote ya bima nchini hayafiki asilimia 3 ya pato la taifa. Sehemu kubwa ya hayo ni magari, afya na maisha. Bima ya nyumba ni mwana wa mwisho mezani.

Ipo, hata hivyo. Kampuni nyingi huiuza kama kifurushi kimoja chenye vipengele kadhaa: jengo lenyewe, vyombo vya ndani, kuanzia kochi hadi friji, vitu vya thamani vinavyotoka nje ya nyumba kama simu na kompyuta, wafanyakazi wa nyumbani wakiumia kazini, na dhima ya mwenye nyumba mtu mwingine akidhurika kwenye boma lake. Anayekodi anaweza kukatia vyombo tu. Katika orodha ya majanga yanayofidiwa, pamoja na moto, radi na wizi, kwa kawaida limo pia neno mafuriko. Hapo Kenya inatofautiana na Marekani, ambako bima ya kawaida ya nyumba huyaondoa mafuriko kabisa.

Kwa hiyo, kwenye karatasi, mtu wa Hola anaweza kukata bima ya mafuriko kama mtu wa Karen, Nairobi. Shida huanza kwenye fomu ya maombi. Kuta ni za nini? Paa ni la nini? Je, nyumba imewahi kupata mafuriko? Iko umbali gani kutoka mtoni? Fomu hizo zilitungwa na watu waliokuwa na nyumba ya mawe akilini. Nyumba ya udongo na makuti, kampuni nyingi huikataa au huitoza malipo ya juu. Nyumba ya matofali iliyozama mwaka 2018, 2019, 2023 na 2024 inaweza kupewa bima yenye sharti la kuyatoa mafuriko, yaani kumpa mtu mwavuli wa kufunguliwa siku za jua.

Kudanganya kwenye fomu hakusaidii. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli wa anayeomba. Akificha kwamba maji yaliwahi kuingia, kampuni itakuwa na sababu halali ya kukataa kulipa, na mkadiriaji wa hasara hahitaji ujasusi kuligundua hilo: mstari wa tope ukutani unajieleza.

Wapo wanaolazimishwa kuwa na bima hii bila hata kujua. Anayejenga kwa mkopo wa benki uliodhaminiwa kwa hati ya kiwanja hutakiwa kuikatia nyumba bima, na benki huwa ya kwanza kulipwa. Lakini sehemu kubwa ya ardhi ya Tana River ni ya jamii na haina hati za mtu mmoja mmoja, na nyumba hujengwa kidogo kidogo: msingi mwaka huu, kuta mwakani, mabati mwanamwali akiolewa. Anayekopa kwenye Sacco naye huambiwa mkopo wake una bima, akalala usingizi. Bima hiyo hulipa deni mkopaji akifa. Nyumba ikisombwa, yeye yu hai na deni lipo.

Kisha kuna maneno madogo ya kurasa za ndani, na kwa nyumba ya kando ya mto hayo ndiyo hasa ya kusomwa kwanza.

Neno la kwanza ni mmomonyoko. Mikataba mingi hufidia maji yanayoingia nyumbani, lakini haifidii ardhi inayotitia, kuporomoka au kuliwa na mto. Kwenye kona za Tana, nyumba nyingi huangushwa na ukingo unaokatika chini yake, pengine siku kadhaa baada ya maji kupungua. Majirani wawili waliopoteza nyumba wiki moja wanaweza kupata majibu tofauti kutoka kampuni ileile, kwa sababu mmoja nyumba yake ililoweshwa na mwingine ilidondoka.

La pili ni ua na lango. Vitu hivi huondolewa mara nyingi katika fidia ya dhoruba na mafuriko. Aliyetumia fedha nyingi kuzungushia boma lake ukuta asidhani ukuta huo umo.

La tatu ni nyumba tupu. Mikataba mingi hupunguza au kusimamisha baadhi ya kinga nyumba ikikaa bila mtu kwa siku zaidi ya idadi fulani mfululizo, mara nyingi 30. Mwaka 2023 na 2024 familia zilikaa kambini wiki nyingi. Mtu aliyetii ilani ya serikali akahama, kisha mabati na milango yake ikaibwa, anaweza kukuta utiifu wake umemhukumu. Dawa yake ni barua au ujumbe kwa kampuni siku ya kuhama, na jibu lake likahifadhiwa.

La nne ni thamani, na hapa ndipo wengi hukatwa bila kuelewa kwa nini. Tuseme nyumba itahitaji Sh3 milioni kuijenga upya. Mwenyewe, ili apunguze malipo, anaiandikisha kwa Sh1.5 milioni, yaani nusu. Maji yanaharibu vitu vya Sh600,000. Atadhani atalipwa zote, kwa kuwa ziko chini ya kiwango alichokatia. Kampuni itamwambia: uliikatia nyumba yako nusu, basi kila hasara nasi tunaibeba nusu. Atapata Sh300,000, na hapo bado hajatolewa kile kiasi cha kwanza cha hasara ambacho kila mkataba humwachia mteja. Kinachoandikwa ni gharama ya kujenga upya leo, kwa bei ya saruji ya leo iliyosafirishwa hadi kijijini. Bei ya kuuza haihusiki, na ardhi haihesabiwi, kwa kuwa maji yakiondoka ardhi bado ipo. Kwenye Tana, kwa kawaida.

Valmeyer na bima ya bei nafuu

Tatizo la nyumba zinazozama tena na tena si la Kenya peke yake. Marekani imelikabili kwa zaidi ya nusu karne, na matokeo yake yanafundisha pande zote mbili.

Baada ya kimbunga Betsy cha mwaka 1965, kampuni za binafsi zilikuwa hazitaki tena kusikia habari ya mafuriko. Mwaka 1968 serikali ya Marekani ikaanzisha mpango wake wa taifa wa bima ya mafuriko. Masharti yalikuwa ya busara: mji au kaunti ikubali kudhibiti ujenzi mabondeni, nasi wakazi wake tutawauzia bima. Leo mpango huo hufidia jengo la familia hadi dola 250,000 na vyombo hadi dola 100,000, na kwa kawaida kinga huanza siku 30 baada ya kulipa, ili mtu asikimbilie bima wingu likiwa limeshafunga.

Busara ikaingiliwa na huruma. Bei za nyumba nyingi za zamani ziliwekwa chini ya hatari halisi. Zipo zilizofidiwa, zikajengwa palepale, zikazama, zikafidiwa tena. Mwaka 2017 Bunge la Marekani liliufutia mpango huo deni la dola bilioni 16, na hata baada ya hapo ukabaki na deni la zaidi ya dola bilioni 20. Oktoba 2021 ulianza kupanga bei upya kwa kila nyumba kulingana na umbali wake na maji, mwinuko wake na gharama ya kuijenga, na wengi wakashtuka kuona bei ya kweli ya mahali walipokaa.

Na bado wanaohitaji bima hiyo hawanayo. Septemba 2024, mabaki ya kimbunga Helene yalipofurisha mito ya milimani magharibi mwa North Carolina, kaunti kadhaa za huko zilikuwa na bima ya mafuriko katika chini ya kaya 1 kwa kila 100. Watu walikuwa mbali na bahari, juu milimani, na ramani haikuwaambia kwamba wao ni wa mafuriko.

Mfano wa kijiji cha Valmeyer, katika Kaunti ya Monroe, Illinois, unakaribia zaidi hadithi ya Tana. Kilikuwa na watu wapatao 900, wengi wakiishi maisha ya shamba, kwenye bonde la Mississippi. Mwaka 1993 mto ulivuka tuta na kukifunika. Badala ya kufidiwa na kurudi palepale, wakazi waliamua kuhama pamoja. Kwa fedha za serikali zilizonunua nyumba zao za bondeni, walijenga kijiji kipya kilomita chache tu kutoka pale, juu ya mwamba zaidi ya mita 100 kutoka bondeni. Mashamba yalibaki chini, yakilimwa kama zamani. Baadhi ya watu hawakurudi, na kazi ilichukua miaka. Lakini jina la kijiji, shule na serikali yake vilipanda mlima pamoja nao.

Mpokomo akisoma habari hiyo huenda akatabasamu. Shamba chini, nyumba juu, na kuhama mto ukikataa: hivyo ndivyo ukoo wake ulivyokuwa ukifanya.

Ng'ombe ana bima, nyumba haina

Kaunti hii si mgeni kabisa wa bima. Mwaka 2015 serikali ya Kenya, ikifuata majaribio yaliyoanza Marsabit mwaka 2010, ilizindua mpango wa bima ya mifugo dhidi ya ukame, na baadaye Tana River ikawa miongoni mwa kaunti nane zilizomo. Serikali ililipia mifugo mitano mikubwa kwa kila mfugaji aliyeandikishwa. Hakuna aliyekwenda malishoni kuhesabu mizoga. Setilaiti hupima ukijani wa majani. Ukishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, mfugaji hulipwa, ng'ombe wake awe amekufa au la. Februari 2017 wafugaji zaidi ya 12,000 walilipwa jumla ya Sh214 milioni kwa njia hiyo.

Wazo hilohilo linaweza kugeuzwa upande wa maji. Mto Tana una vituo vya kupimia kimo cha maji, kikiwemo cha Garissa. Mkataba unaweza kusema: mto ukifika kimo fulani hapo, kila kaya iliyoandikishwa katika vijiji fulani vya chini ipokee kiasi fulani kwenye simu. Kuta ziwe za udongo au za mawe, hati iwepo isiwepo, hakuna mkadiriaji wa kuvuka maji kwa mtumbwi. Fedha zingeweza hata kufika kabla ya maji, zikatumika kukodi lori na kununua turubai.

Udhaifu wake nao wa kweli. Kipimo kinaweza kunyamaza huku boma la mtu limezama kwa sababu ya laga au tuta la barabara, naye asilipwe senti. Kinaweza pia kulipa mtu ambaye maji hayakumgusa. Na mahali ambapo mto hufurika karibu kila baada ya miaka michache, malipo ya bima hukaribia kulingana na hasara yenyewe. Hakuna kampuni itakayouza shilingi kwa senti 20. Mtu husema ajali haina kinga, na biashara ya bima imejengwa juu ya ajali. Gharika inayojirudia namna hii ni msimu.

Kwa sababu hiyo, wenye nyumba wa kaunti hii wana kazi ya kuigawa hatari yao mafungu mawili. Maji ya mara kwa mara, yale ya goti, hayafai kupelekwa kwa wakala wa bima. Hayo hushughulikiwa na fundi: msingi uliopandishwa, soketi za umeme zilizowekwa juu ya mstari wa tope wa mwaka 2024, ghala la mpunga juu ya nguzo, choo kisichofurika kisimani. Kipindupindu huko Tana River kilifuata mafuriko ya 2024, na hakuna fidia iliyowahi kusafisha kisima. Maji ya nadra, yale ya paa, ambayo hata nyanda za juu huyaona mara moja kwa kizazi, hayo ndiyo ya kununuliwa bima, na kwa nyumba iliyojengwa nyanda za juu bei yake inaweza kulipika.

Yanayobaki ni makubwa kuliko mwenye nyumba mmoja. Huko Budalang'i, magharibi mwa nchi, Mto Nzoia umewekewa matuta tangu miaka ya 1970 na 1980, ingawa yamewahi kupasuka. Tana ya chini haina kinga ya kiwango hicho. Bwawa kubwa la High Grand Falls, ambalo lingeweza kushika sehemu ya maji hayo, limezungumzwa miaka mingi na hadi sasa halijajengwa.

Kwa hiyo yanarudi yaleyale ya kabla ya msimu. Picha za kila chumba, zikipigwa nyumba ikiwa kavu na kutumwa kwenye barua pepe ya mtoto aliye Mombasa au Malindi, kwa kuwa simu nayo huzama. Risiti za mabati na saruji kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vyeti. Swali kwa wakala, likijibiwa kwa maandishi: mto ukila ukingo, mtalipa? Nikihamia kambini miezi miwili, je? Na malipo yafanywe mapema, kwa sababu siku KenGen inapotangaza kwamba Masinga inamwagika, hakuna kampuni itakayompokea mteja mpya wa Garsen. Siku hiyo maji yako njiani, yatachukua siku kadhaa kufika, na zitatosha tu kupandisha godoro juu ya lori na kumfungua mbuzi kambani.